Mahindi yamekuwa njano penye matandazo, kaya zinataka kurudi kwenye plau

Mpanda_Mbegu:
Wadau, naombeni ushauri. Nafuatana na kaya 14 zilizokubali msimu huu kuacha kulima kwa plau na kuchoma mabua. Kila kaya ilitenga robo ekari: wanachimba mashimo, wanapanda, wanatandaza mabua. Wiki ya nne mahindi yakaanza kuwa njano kuanzia majani ya chini, njano inayotoka ncha ya jani na kushuka katikati. Upande uliobaki, uliolimwa kwa plau, ni kijani kabisa.

Jana mama mmoja alinishika mkono hadi kwenye mpaka wa vipande viwili. Akaweka mguu mmoja huku, mwingine kule, akaniuliza, "Mwanangu, ungekuwa wewe ungevuna upande gani?" Nilinyamaza. Isitoshe magugu yamezidi, na wanaopalilia ni yeye na binti zake. Watu hawa waliniamini. Nifanyeje?

Mzee_wa_Mboji:
Pole, kijana. Huo si ugonjwa, ni njaa ya naitrojeni. Mabua ya mahindi yana kaboni mara 60 hivi ya naitrojeni, kwa hiyo vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongoni na mmea unakosa. Uliza kama kuna waliochanganya mabua na udongo wa mashimo, maana yakifukiwa huvuta zaidi kuliko yakilala juu. Na upande wa plau, kule kutifua kunaharakisha kuoza kwa mboji iliyokuwepo. Kijani unachokiona kinalishwa na akiba ya udongo.

Sasa hivi sogeza matandazo kando ya shina, weka mbolea ya kukuzia kidogo udongo ukiwa na unyevu, kisha rudisha. Usione aibu kuitumia mwaka wa kwanza. Msimu ujao changanyeni mbaazi au fiwi, mazao ya jamii ya kunde yanayorudisha naitrojeni udongoni.

Mama_Shamba:
Mzee kaeleza vizuri, ila suala la magugu tusilipite. Mwaka wetu wa kwanza nilipalilia mara nne, mgongo ukaniuma hadi nikachukia shamba. Ukiacha plau, kazi iliyofanywa na ng'ombe inahamia mikononi mwa mwanamke, na jambo hilo linapaswa kusemwa kwenye kikao baba wa nyumba akiwepo. Kwetu nafuu ilikuja tulipong'oa magugu kabla hayajatoa mbegu, hata baada ya mavuno, na kupanda fiwi katikati ya mistari mahindi yalipofika magotini. Robo ekari ikiwashinda, wapunguze. Familia isihatarishe chakula cha mwaka kwa sababu ya somo letu.

Halafu kachimbe na huyo mama pande zote mbili. Usimhubirie, ashike udongo mwenyewe.

Mpanda_Mbegu:
Nimetoka huko sasa hivi. Mvua haijanyesha siku tisa. Upande wa plau udongo umekauka zaidi ya shubiri moja, na jembe likagonga tabaka gumu. Chini ya mabua ulikuwa na unyevu, ukafinyangika kiganjani, na nyungunyungu wawili wakatoka. Mama aliufinyanga muda mrefu bila kusema neno.

Mumewe amekubali kupalilia Jumamosi. Mama naye akasema, "Lete hiyo mbolea. Lakini mwakani kipande kibaki hikihiki, kisiongezwe hata hatua moja." Nimemkubalia.