Kufunga kifaa cha hidrojeni kwenye injini ya petroli, mafuta yanapungua kweli?

Msukani: Wakuu habari zenu, kuna fundi ananishawishi nifunge kile kifaa cha hidrojeni, ile chupa ya maji yenye bati za stenlesi ndani, unaipa umeme wa betri gesi inatoka inaingia kwenye mpira wa hewa. Anadai mafuta yatashuka nusu na moshi utaisha. Gari ni ya injekta ina sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi na kuiambia kompyuta ya gari iweke mafuta kiasi gani. Anayeielewa hii kitu anisaidie kabla sijatoa hela.

PistoniNne: Hidrojeni yenyewe haina shida mkuu. Inawaka haraka kuliko petroli mara kadhaa, na inashika moto kuanzia asilimia 4 kwenye hewa mpaka 75, wakati petroli ni kama 1.4 mpaka 7.6 basi. Ukiichanganya injini inakubali hewa nyingi na mafuta kidogo bila kumisi, yaani bila silinda kukosa kuwaka. NASA walijaribu kwenye injini ya silinda nyingi wakatoa ripoti 1977, ila wao hidrojeni waliitoa kwenye methanoli, sio kwa umeme wa alteneta (jenereta ya gari). Wauzaji wanataja NASA halafu wanakuuzia chupa 😂

Gasketi: Tupige hesabu. Tuseme kifaa kinakula ampea 20 kwa volti 13.8, hiyo ni kama wati 276. Kikikupa lita 1 ya gesi kwa dakika, theluthi mbili tu ndio hidrojeni, nishati yake ni wati 120 hivi. Gari linalochoma lita 8 kwa saa linatumia nishati ya kama kilowati 70, kwa hiyo hidrojeni yako haifiki hata asilimia 0.2. Na huo umeme haujatoka mbinguni, alteneta inazungushwa na injini na injini inazungushwa na petroli ile ile, kila hatua kuna kinachopotea njiani.

DogoPlagi: Mimi nimefunga na gari limekuwa jepesi kabisa, nyie endeleeni na hesabu zenu

Gasketi: @DogoPlagi siku unafunga ulibadilisha plagi na filta ya hewa? Maana mafundi wengi wanafanya sevisi hapo hapo halafu sifa zote anachukua yule wa chupa.

DogoPlagi: plagi ndiyo, zilikuwa zimechoka kiasi

Msukani: 😂😂 Haya na upande wa moshi je?

PistoniNne: Inategemea unavyochoma. Hewa ikizidi sana, joto la silinda linashuka na oksaidi za nitrojeni (gesi chafu za kwenye moshi) zinapungua, hapo hidrojeni inasaidia kweli. Lakini gari lako kompyuta inalinda uwiano wa hewa kwa petroli wa 14.7 kwa 1 ili katalisti ya ekzosi, ile inayosafisha moshi, ifanye kazi, na ukiweka hidrojeni kwenye uwiano huo moto unakuwa mkali zaidi, oksaidi zinapanda. Halafu wengine wanakuwekea kidude cha kudanganya sensa ili kompyuta ipunguze mafuta. Hapo katalisti inashindwa kusafisha hizo oksaidi, na mafuta yakipungulia pabaya unaunguza valvu au pistoni.

Msukani: Na usalama wake?

Gasketi: Ile gesi ina hidrojeni na oksijeni pamoja tayari, cheche ikirudi nyuma kwenye manifoldi (njia ya hewa kuingia injini) inalipuka mpaka kwenye chupa. Na yale maji mara nyingi yamewekwa potasiamu haidroksaidi, yanachoma ngozi. Muulize huyo fundi kama ameweka kizuia moto kwenye mpira, akianza kung'ata maneno rudisha funguo mfukoni