Nimefanya consulting miaka mingi, nataka kuomba PhD ya biashara, naanzia wapi?

slaidi_nyingi:
Wakuu habari zenu. Niko kampuni ya ushauri wa biashara mwaka wa nane huu, nilianza uchambuzi wa data nikapanda mpaka kusimamia timu, hela sio mbaya ila nimechoka kumpa klayenti jibu la wiki sita kwa swali ambalo kiukweli linataka miaka. Kuna kitu hakinitoki kichwani, kampuni mbili mnazipa ushauri uleule, moja inaufanyia kazi nyingine inaufungia kabatini, kwanini? Nataka nikasomee hilo, PhD ya strateji au menejimenti. Nina MBA, sijawahi kuchapisha chochote, naelekea 35. Umri ni shida? MBA inanibeba? Barua za rekomendesheni niombe kwa mabosi, maana maprofesa wangu sidhani kama wananikumbuka? Na ada inakuwaje, mwenzenu nina watu wananitegemea.

mwaka_wa_tatu:
Mkuu mi niko ndani ya hii kitu, nilitoka kazini kama wewe. Nianze na hela: Marekani programu nyingi za full time ada inafutwa halafu unapewa posho, we unasaidia utafiti na kufundisha. Ni kama miaka mitano hivi, wengine minne, wengine sita. Ndo maana nafasi ni chache mno, idara inaweza kuchukua watu wawili watatu tu kwa mwaka. Uholanzi na nchi za Skandinavia nafasi nyingi zinatangazwa kama ajira kabisa, una mkataba na mshahara. Umri hakuna atakayekuuliza, darasani kwetu wapo wakubwa kuliko wewe. MBA sio lazima na haikubebi sana, maana wao wanatafuta mtu atakayekuja kuwa mtafiti, sio meneja.

Sasa kinachowaangusha watu wa consulting ni insha ya maombi. Wanaandika niliongoza timu, nikapunguza gharama, nikaongeza mauzo, yaani CV iliyogeuzwa aya. Kamati haina cha kufanya na hiyo. We hapo juu ushaandika kitu bora kuliko hizo insha zote, ushauri uleule matokeo tofauti, hilo ni swali la utafiti. Na sio swali jipya, kwahiyo kasome kwanza waliotangulia. Cohen na Levinthal 1990 waliandika kuhusu uwezo wa kampuni kunyonya maarifa ya nje, Szulanski 1996 akachambua kwanini mbinu nzuri inagoma kuhama hata ndani ya kampuni hiyohiyo. Halafu kuna Bloom na wenzake, 2013, hii itakugusa: walichukua viwanda vya nguo India, vingine wakavipa washauri bure kwa miezi, vingine wakavifanyia tathmini fupi tu, waliopata ushauri kamili tija ikapanda 17% mwaka wa kwanza. Miaka kadhaa baadae wakarudi kuangalia, karibu nusu ya zile mbinu zilikuwa zimeachwa. Kabati lako hilo! Insha ianzie hapo, wameona nini, hawajaeleza nini, na we ungepimaje.

bora_mshahara:
Samahani kwa kuharibu sherehe ila miaka mitano ya posho ukiwa na familia sio mchezo. Fanya DBA, udaktari wa biashara wa watu walio kazini, jioni huku unakula mshahara, si udaktari ni udaktari tu?

mama_ikonometriksi:
Hapana @bora_mshahara, sio kitu kimoja. DBA ni nzuri kwa anayebaki kazini, na mara nyingi unajilipia mwenyewe. Akitaka kuajiriwa chuo cha utafiti PhD ndo inayofungua mlango. Ila hilo la familia ni kweli, @slaidi_nyingi weka akiba kabla hujaacha kazi.

Nimekaa kwenye kamati za kupokea wanafunzi, ngoja niseme la barua. Bosi wako ataandika we ni mchapakazi na klayenti wanakupenda, sawa, lakini haituambii kama unaweza kukaa na tatizo moja mwaka mzima bila mtu kukusukuma. Kwenye barua tatu, angalau mbili zitoke kwa watu wa chuo. Mtafute aliyekusimamia tasnifu, mtumie ile kazi yenyewe na kurasa mbili za wazo lako jipya, kukusahau ni kawaida atakukumbuka akisoma. Ukishindwa, chukua kozi ngumu ya ikonometriksi (takwimu za kiuchumi) chuo chochote na uifaulu vizuri, au tafuta kazi ya usaidizi wa utafiti mwaka mmoja au miwili. Hapo unapata barua na unajua kama hii kazi unaiweza, maana wengine wanagundua hawaipendi kabisa na sio aibu.

slaidi_nyingi:
Aisee asanteni, nimeshaanza kuisoma hiyo ya India. Nina maksi za GMAT, ule mtihani wa kuombea shule za biashara, ila za zamani sana, bado zinafaa? Na data za klayenti wangu naweza kusema nitazitumia?

mwaka_wa_tatu:
Maksi za GMAT na za GRE, mtihani mwingine wa kuombea masomo ya juu, zinadumu miaka mitano tu. Na GMAT ya sasa inaenda 205 mpaka 805, usilinganishe na maksi za zamani. Dedilaini nyingi ni Desemba na Januari kwahiyo mtihani umalize kabla, wenye barua usiwakimbize dakika za mwisho.

mama_ikonometriksi:
La data, usithubutu. Ulisaini mkataba wa siri, ukituahidi siri za klayenti kwenye insha tunajiuliza utafanya nini na siri zetu. Sema unajua miradi inavyoendeshwa na unajua nani wa kumwomba ruhusa, inatosha.

bora_mshahara:
Haya, na hiyo GRE mwenye umri wetu anaanza kusomea wapi 😅