Mchicha wangu katupiwa mbuzi mbele ya bwana shamba, huyu mama ananitafuta nini?

Mzee wa Matuta
Wakuu za jioni, japo kwangu si njema hata kidogo, naandika mikono inatetemeka hapa Shangani na chakula cha mchana sijakigusa. Mlioko kwenye vikundi vya bustani hapa Mtwara mjini simtaji mtu, mnamjua wenyewe, yule mama wa miwani ya kamba na filimbi shingoni, ukichuma bamia moja nje ya zamu yako anapuliza utadhani umenawa mpira kwenye boksi. Huyo huyo.

Leo tulikuwa tunachagua mboga za kupeleka Ngongo kule Lindi kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Bwana shamba kaja, wageni wamekaa kwenye viti vya plastiki, soda zipo. Mimi nimeamka watu hawajaswali, nimechuma mchicha, nimeusuuza, nimefunga mafungu kwa ukindu vizuri kabisa, majani mapana jani moja unafungia maandazi matatu. Nimepanga mezani, nimesimama pembeni na shati langu la kuchomekea. Yule mama anapita na daftari, kafika kwangu, kachukua fungu, kalinusa. KALINUSA. Kisha kavunja shina likalia ka! kamgeukia bwana shamba anasema "hii labda tumuulize mbuzi". Watu kicheko, na mimi nikacheka nikajua utani, kumbe kweli kuna mbuzi kafungwa pale chini ya mkorosho, akamtupia fungu zima.

Na mbuzi akagoma.

Alinusa, akanitazama mimi, akageuza shingo akaenda kutafuna boksi la soda. Boksi wakuu! Bwana shamba kacheka mpaka kofia imedondoka kwenye matuta ya matembele.

Tena huyo mama mwenyewe toroli la kikundi liko kwake tangu masika anabebea tofali za kibanda chake, ukitaka kubeba mboji unaambiwa andika barua. Jumamosi ya palizi mguu unamuuma, siku ya kugawana mbegu mguu umepona. Mwaka jana nyanya zake zote zililiwa na kantangaze, yule mdudu wa nyanya, haikubaki hata ya kachumbari, kuna mtu alimwitia mbuzi? Hakuna, tulimpa pole na nauli juu. Ila mimi mbele za watu mchicha wangu unatupiwa mnyama na mnyama anakataa, bora hata angekula ningejua moja. Halafu nauliza tu, yule mbuzi si wa kwake? Si kamfundisha?

Natoka kwenye kikundi na ada yangu nataka.

Kisamvu cha Nazi
Siti ya mbele, korosho zangu za kukaanga mkononi.

Mbavu Sina
Mkuu hebu rudia hapo kwenye boksi.

Mwana Chikongola
Mbuzi wa mji huu ninaowajua mimi wanakula turubai, wanakula mabango ya kampeni, mifuko ya rambo walikuwa wanakula mpaka serikali ilipoipiga marufuku 2019. Mbuzi huyo huyo akikataa kitu, mkuu, hicho kitu kipeleke maabara.

Mzee wa Matuta
Cheka tu. Narudia, alinusa halafu AKANITAZAMA. Wewe hukuwepo.

Mama Wawili
Kaka pole, ila toka umesia mpaka umechuma ni muda gani? Mchicha wiki ya tatu ya nne ndo mlaini, ukiuachia mpaka unatoa maua shina linakuwa kuni, ndo maana lililia ka. Na kama unamwagilia maji ya kisima yenye chumvi ndo basi tena.

Mzee wa Matuta
Dada sijaomba semina, nimeomba haki.

Dume la Mikindani
Mwanaume mzima unaanzisha uzi kisa mchicha. Wenzio tuko baharini.

Ndala Nyekundu
Huyo mama wa filimbi!!! Mimi alinitoa kwenye kitalu eti ndala zangu zinaingiza magugu. Magugu yanaingiaje na ndala jamani.

Bibi Korosho
Afadhali nyie mnanuswa tu. Mimi huku Naliendele jirani anapuliza salfa alfajiri na upepo wote unakuja kwangu, nguo kwenye kamba zina salfa, matembele yana salfa, uji una salfa, mume wangu ana salfa. Nikimwambia ananijibu mikorosho iko kwenye maua, asipopuliza ule ugonjwa wa ubwiriunga unamaliza, nivumilie. Nivumilie mpaka lini, nikohoe njano?

Mwana Chikongola
Shukuru, mume hatapata ubwiriunga.

Samadi Dairekti
Nauza samadi ya kuku iliyooza vizuri haiunguzi miche, nipo Magomeni, nakuletea na toroli mpaka mlangoni.

Mzee wa Matuta
TOROLI? Umelitoa wapi hilo toroli? Tairi lake la kijani?

Samadi Dairekti
La kukodi bosi. Unataka mifuko mingapi?

Mtu wa Mitwero
Kwa hiyo kila Agosti nyie Mtwara mnatujazia Ngongo mchicha ambao hata mbuzi hautaki. Ndo leo najua.

Dume la Mikindani
Lindi nyamazeni. Nane Nane ya kanda ilitakiwa iwe huku kwenye mji wenye bandari, mtu anapakia maboga kilometa mia na ushee aje aone nini kwenu?

Mtu wa Mitwero
Bandari mnayo, gesi mnajidai nayo, na Nane Nane mnaitaka? Hata hiyo gesi sisi ndo kaka zenu, Songosongo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay yenu 1982. Muwe mnasalimia.

Dume la Mikindani
Songosongo ni Kilwa hiyo, msijibandike.

Mtu wa Mitwero
Kilwa iko mkoa gani mwanafunzi?

Mzee wa Matuta
Wakuu turudi kwa mbuzi.

Pweza Mkavu
Kilwa mtuache, sisi hatuna ugomvi na mtu.

Dume la Mikindani
Hata korosho mnajifunzia huku kwenye kituo cha utafiti Naliendele, tulieni.

Bibi Korosho
Naliendele msiitaje kabisa leo.

Mama Wawili
Samadi Dairekti mfuko bei gani? Uwe mfuko uliojaa, sio ule wa kukunja mdomo.

Samadi Dairekti
Njoo PM mama, tutaelewana.

Bibi Korosho
Na mimi miwili, ila usije alfajiri, hutaona mlango.