Ushauri: bwawani au bustanini? Kutazama ndege msimu huu wa majani kupukutika

Mleta uzi: Wakuu, habari zenu. Karibu na ninapokaa kuna bustani ya umma, na nyuma yake bwawa la kuhifadhia maji. Tangu majani yaanze kupukutika nimechanganyikiwa. Mbayuwayu walijaa juu ya maji, kesho yake hakuna hata mmoja. Bata wote kahawia, dume simjui, jike simjui. Ndege wadogo nawasikia tu huko juu mitini. Nafasi yangu ni Jumamosi asubuhi. Nianzie wapi?

Kitwitwi: Bwawani mkuu, pale maji yalipopungua. Kiangazi kikiisha kina kinakuwa kimeshuka na tope liko wazi, na vitwitwi wanaoelekea kusini hutua hapo kula. Usitembeetembee ukingoni, watakukimbia. Keti, jua likiwa mgongoni kwako, utulie. Ukimwona mdogo wa kahawia, tumbo jeupe, mkia haukomi kutikisika juu chini, tazama begani: kwa kitwitwi wa kawaida ule weupe wa tumbo hupanda kama ncha mbele ya bawa.

MamaBata: Mwanangu, madume wa bata hupukutisha manyoya baada ya kuzaliana, wakafanana na majike. Kuna wiki kadhaa hata kuruka hawawezi. Kwa yule dume ambaye kwa kawaida kichwa chake ni kijani, angalia mdomo: wa dume ni manjano inayoelekea kijani, wa jike una rangi ya chungwa na madoa meusi. Mdomo haudanganyi.

Alfajiri: Napingana kidogo na Kitwitwi. Anza bustanini kunapopambazuka. Ndege wadogo wengi husafiri usiku na kutua alfajiri wakiwa na njaa, hasa upepo ukiwa umevuma kutoka kaskazini kisha mvua ikawakatisha safari. Watafute upande wa miti unaopata jua kwanza, maana wadudu huamkia huko. Vitwitwi hawaondoki topeni upesi, utawakuta. Mbayuwayu ndiyo basi tena: baridi ikipunguza wadudu wanaondoka, na wale wa Ulaya huvuka Sahara.

Mleta uzi: Shukrani sana, mama na wakuu. Utabiri unasema upepo wa kaskazini Ijumaa usiku, kwa hiyo naanzia mitini. Kwenye daftari niandike nini?

Alfajiri: Saa, upepo, kina cha maji, aina na idadi. Usipoona kitu, andika pia.