Kuhamia Linux kwenye laptopu ya kazi: DWG na waya wa total station nitavifanyaje?

MpimaMoro

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpima ardhi, niko Morogoro, kampuni yetu ni ndogo. Mashine niliyopewa ni ThinkPad T470, RAM 8, SSD 256. Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaikataa kwa sababu prosesa ni ya kizazi cha 7. Bosi kasema mashine mpya hadi mradi ulipwe, na anayezijua hela za miradi anajua hiyo ni lini. Kaniruhusu niifanye nitakavyo, mradi ramani zitoke.

Keybodi bado safi, betri zake mbili zinanivusha porini. Sioni sababu ya kuitupa.

Kwamba Linux ni ya bure, sawa, ila si hilo linalonivuta zaidi. Nataka mashine nitakayoipanga mwenyewe: paneli ikae kushoto, maana kioo kifupi hiki kinanibania ramani, kitufe kimoja kifungue folda ya kiwanja ninachokishughulikia, na isijizimie kwa ajili ya apdeti mteja akiwa amesimama mlangoni. QGIS, programu ya ramani, naitumia tayari, najua ipo kote kote. Tatizo ni michoro ya DWG (faili za AutoCAD, programu ya kuchorea) ninayoletewa, na data za total station, kile chombo cha kupimia ardhi, ninazoshusha kwa waya wa USB. Namtafuta aliyefanya kazi hii kwenye Linux kwelikweli. Wa kuniambia tu "Linux ni kiboko" tutaonana uzi mwingine.

Mistari_Arusha

Mkuu, AutoCAD haina toleo la Linux, usichome bando kulitafuta. Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, inaweza kukufungulia matoleo ya kale kwa kubahatisha, lakini kazi ya kulipwa huiwekei bahati. Mimi niko kwenye BricsCAD, programu nyingine ya kuchorea: inakaa Linux na inasoma DWG moja kwa moja, ila inalipiwa. Kama unachotaka ni kuingiza mistari QGIS tu, chukua ODA File Converter, ya bure, inageuza DWG kuwa DXF, aina ya faili ya michoro ambayo QGIS inaifungua. Ukiipakia, mwambie QGIS mwenyewe kuwa ni EPSG:21037 (namba ya mfumo wa koodineti wa Arc 1960, UTM 37S) kama mchoro uko humo, maana DXF kwa kawaida haibebi habari hiyo. Usije ukahamisha shamba la mtu ukaisingizia Linux.

Waya: draiva za chipu nyingi zinazokaa ndani ya waya wa USB kama huo, FTDI, PL2303, CH340, zimo ndani ya Linux tayari. Kinachowaangusha watu ni ruhusa. Andika kwenye terminali:

`sudo usermod -aG dialout $USER`

Toka kwenye akaunti, ingia upya. Halafu fungua CuteCom, programu ya kupokea data za waya, chagua ttyUSB0 (jina Linux inaloupa huo waya), weka kasi ileile iliyoandikwa kwenye total station, agiza itume. Ikiwa total station yako inazungumza na programu ya kiwanda tu, hapo huna ujanja, weka Windows ndani ya VirtualBox (kompyuta ya kuigiza ndani ya Linux) uipitishie huo waya.

FundiKijiweni

Mnajitesa bure. Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya Windows, inaondoa kile kizuizi cha prosesa, anapiga Windows 11 anaendelea na maisha. Nimewapigia wengi.

MpimaMoro

@FundiKijiweni nimeiona njia hiyo kaka. Ila Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyo na sifa haina uhakika wa kupata apdeti. Nitakuwa nimerudi nilipo leo.

DadaRipoti

Kaka, mimi kazi yangu ni ripoti, Dodoma hapa, nikuongezee la ofisini. Faili za Word zilizoandikwa kwa Calibri zitafunguka LibreOffice kurasa zikiwa zimesogea, jedwali limekatika katikati. Weka fonti ya Carlito, vipimo vyake ni sawa na vya Calibri, kurasa zinarudi mahali pake. Ramani ya kwenda plota itoe PDF, usimpelekee mtu wa stationari faili ghafi.

Kabla ya yote angalia kama BitLocker, kufuli la Windows la diski, imewashwa, na ufunguo wake uwe umeandikwa pembeni. Na ukifika kwenye kugawa diski, tenga /home, sehemu ya faili zako, peke yake. Wewe mpenda kupangapanga nakuona kabisa utabadilisha Linux mara kwa mara.

MpimaMoro

Dada, umenisoma. Nimeweka Linux Mint ya Cinnamon kwenye flashi, nikabonyeza F12 kuchagua flashi, imewaka bila kugusa diski. Waifai ilikuwepo palepale. Paneli nimeibofya kulia, nikaihamishia kushoto, kitufe cha folda nacho kimekubali. Nikachomeka waya, CuteCom ikaanza kutema:

101,352184.417,9245630.902,511.380

Yaani namba ya nukta, mashariki, kaskazini na mwinuko. Nikalinganisha na daftari, ndiyo nguzo ya kwanza yenyewe. Hivyo VirtualBox siihitaji kwa sasa.

Kimebaki cha DWG. @Mistari_Arusha, nina mchoro wa mteja umejaa maandishi ya namba za viwanja. ODA ikishaugeuza, hayo maandishi yanaingia QGIS kama lebo au yanabaki nukta tupu?

Mistari_Arusha

Yanaingia kama nukta, ila ukifungua jedwali lake utakuta safu inaitwa Text, namba zimo mle. Washa lebo, chagua safu hiyo.