TH350 imechoka kwenye pikapu ya 1979: niijenge upya au niweke 700R4?

Bodi_Kongwe: Wakuu, pikapu ni Chevrolet C10 ya 1979, V8 ya lita 5.7, ya kabureta, gia boksi otomatiki TH350 ya gia 3. Gia ya 3 inachelewa kuingia, na ikiingia inateleza: raundi zinapanda, mwendo hauongezeki. Mafuta linakunywa vibaya mno. Nifumue hii hii, au niweke 700R4, otomatiki ya gia 4 yenye ovadraivu (gia ya juu inayopunguza raundi za injini)? Uwiano wa difu ni 3.73 (propela shafti inazunguka mara 3.73 tairi likizunguka mara moja), tairi zina kipenyo cha sm 71.

Spana19: Kabla hujashusha chochote, chomoa mpira wa vakyumu kwenye moduleta (kifaa kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kuongoza ubadilishaji wa gia), ubavu wa kulia nyuma ya gia boksi. Ukikuta ATF (oili ya gia boksi otomatiki) ndani ya mpira, kiwambo kimetoboka: injini inavuta ile oili na kuichoma, kina kinapungua, gia zinachelewa. Kifaa chenyewe kinashikwa na bolti moja tu. Mpira ukiwa mkavu, nusa dipstiki. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake pleti za klachi zimekwisha, na hapo moduleta mpya haikuokoi.

DifuMbili: Kwa tairi hizo, ukiwa kilomita 100 kwa saa injini inakimbia raundi kama 2,780 kwenye gia ya 3, bila kuhesabu kuteleza kwa konveta (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi). Gia ya 4 ya 700R4 ni 0.70, unashuka hadi 1,950. Nafuu ya mafuta iko hapo, yaani barabara kuu. Kwenye foleni usitegemee kitu. Mwenye difu ya 2.73 asijisumbue: atafika 1,430, injini itagugumia na gia itapanda na kushuka kila kilima. Kwa 3.73 mimi ningeweka.

Oili_Nyekundu: Bolti za injini zinalingana, huhitaji adapta. Pima mkia wa TH350 yako, maana iko ya urefu tofauti. Ile fupi ni sm 70 jumla, 700R4 ni 78, kwa hiyo propela shafti itakatwa na kubalansiwa. Kama yako ni ya mkia wa kati, shafti inabaki ilivyo. Yoki (kichwa cha shafti kinachoingia kwenye gia boksi) ni ileile ya meno 27. Krosimemba (mhimili unaobeba gia boksi) irudi nyuma kama sm 5.

Konveta iingize kwa kuizungusha huku ukisukuma mpaka uisikie ikidondoka ndani zaidi ya mara moja. Ukishakaza gia boksi kwenye injini, konveta lazima izunguke kwa mkono na iwe na nafasi ya mm 3 hadi 5 kufika flaiwili. Ikiwa imebana, usiivute kwa bolti. Haijashika pampu, na utaivunja pampu kabla hata hujawasha.

Kinachoua 700R4 nyingi ni kebo ya TV (throttle valve), inayotoka kwenye kabureta. Ya TH350 ni ya kushusha gia tu. Ya 700R4 ndiyo inayopandisha presha ya oili kadiri unavyokanyaga. Ikilegea, klachi za gia ya 3 na 4 zinaungua upesi sana. Kabureta ya 1979 haina pembe sahihi ya kuivuta, nunua breketi ya kurekebishia. Injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage mpaka chini: kebo iwe imefika mwisho wake palepale, si kabla wala baada.

Bodi_Kongwe: Mpira una ATF, lakini na oili inanuka kuungua. Basi naweka 700R4. Waya wa lokapu ya konveta (klachi inayoifunga konveta isiteleze) naweza kuuacha?

Spana19: Hapana. Bila lokapu, gia ya 4 inapandisha joto na sehemu ya nafuu uliyoifuata inapotea. Moto wa volti 12 upite kwenye swichi ya breki, la sivyo injini itazima kila ukisimama, kisha kwenye swichi ya presha ya gia ya 4.

Oili_Nyekundu: Na mabomba ya kupozea oili yaoshe mpaka yatoe safi, unga wa klachi za zamani umejificha humo. Gia boksi kavu pamoja na konveta inameza lita 10.5 hivi. Weka 5 kwanza, washa, pitisha gia zote, halafu ongeza kidogo kidogo ukisoma dipstiki ikiwa kwenye P, injini inaunguruma na oili imepata moto. Ikizidi inatoa povu, na presha inashuka.