Vocha za pembejeo za korona: nani alipanga pesa ya kupandia itoke mahindi yakiwa magotini?

Wadau, kabla mtu hajaja hapa kutuambia wakulima tulisaidiwa, tuweke hesabu mezani.

Tarehe 23 Mei 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Ndani yake, bilioni 3 zilikuwa za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000 kupitia vocha, na bilioni 1.5 za wakuzaji wa maua na mazao ya kuuza nje. Ukigawanya, kila mkulima mdogo ana 15,000. Kiasi hicho si kibaya. Ekari moja ya mahindi hula kilo 10 za mbegu, mfuko wa DAP (mbolea ya kupandia) wa kilo 50 na mwingine wa CAN (mbolea ya kukuzia).

Lakini Mei 23, jamani! Njoro, Bungoma, Trans Nzoia, mahindi yashaota kitambo. DAP huingia shimoni siku ya kupanda kwa sababu fosforasi haitembei udongoni. Ukiimwaga juu mwezi wa sita, mizizi haiipati. CAN nayo ni wiki ya nne hadi ya sita, ardhi ikiwa na unyevu. Yakishatoa mbelewele, umechelewa. Na hiyo ni tarehe ya kutangaza tu, bado usajili, bado vocha, bado duka liwe na mzigo. Mtasema ya vuli yapo. Kitale mahindi ni msimu mmoja kwa mwaka, muulizeni yeyote.

Tena korona haikuanzia kwenye mahindi. Kafyu ya 27 Machi ilifunga njia saa moja jioni, boda wa maziwa ya jioni akabanwa. Masoko ya wazi yakafungwa, nyanya zikaoza. Viazi vya Molo havingoji mkutano. Aliyemwaga maziwa, vocha ya mbolea inamlipa nini?

Halafu usajili. Vihiga shamba bado lina jina la babu aliyefariki, anayelima ni mke wa mjukuu. Anayekodi ekari mbili hana karatasi yoyote. Vocha inakuja kwa simu, na laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha kijana aliye Nairobi. Ukimsajili mwenye hati badala ya mwenye jembe, umesajili makaburi.

Na hata ingefika Februari, sehemu nyingi za Kakamega udongo ni mchachu. Chini ya pH 5.5, yaani kipimo cha uchachu, fosforasi hukamatwa na alumini na chuma, na DAP mwaka baada ya mwaka huzidisha uchachu. Huko mkulima anahitaji chokaa kwanza, imwagwe na kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Vocha imruhusu achague!

Sasa kazi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, bila kueleza sababu. Usiombe majina ya watu. Omba idadi ya vocha zilizotolewa katika kata yako, ngapi zilitumika, tarehe ya kutumwa na aina ya mbolea. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wana siku 21 za kujibu. Zikipita kimya, nakala hiyo ipelekwe Tume ya Haki za Utawala (Ombudsman).

Wa Lugari na Kuresoi, mkipata majibu yawekeni hapa, kata kwa kata.